Mguu Unapokosa Damu Ghafla: Madaktari Hupimaje Hatari ya Kifo, na Familia Ifanye Nini na Jibu Lao?



Ndugu waamini, miaka michache iliyopita niliitwa jioni ya Dominika nyumbani kwa katekista wa kigango kimoja kilicho mbali na parokia. Mchana ule, baada ya kuongoza Ibada ya Neno, alishikwa na maumivu ya ghafla katika mguu wa kulia, makali kana kwamba amepigwa rungu. Nilipofika nilikuta mguu ule umepauka na kuwa baridi kama jiwe la mtoni, ilhali wa kushoto una joto lake la kawaida. Nyumbani mlikuwa na watu wengi na maelezo mawili. Wengine walisema ni ganzi, wakawa wanausugua kwa maji ya moto na mafuta. Wengine, kwa sauti ya chini kwa kuwa padre yupo, walisema mzee amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Nilisali pamoja nao, nikambariki mgonjwa, nikakemea maneno ya uchawi, kisha nikaahidi gari la parokia asubuhi.

Asubuhi gari lilimfikisha kwenye zahanati ya jirani, akapewa dawa ya kutuliza maumivu na kulazwa. Rufaa ilipatikana kesho yake. Alipofika mbele ya daktari wa upasuaji ilikuwa siku ya tatu.

Makala hii imetokana na jioni ile. Nilikuwa na jibu tayari dhidi ya uchawi, lakini juu ya mguu wenyewe sikuwa na jibu lolote, na wala sikujua kwamba swali la haraka lilikuwa hilo la pili. Tangu hapo nimesoma kadiri nilivyoweza na kuwauliza madaktari waliokuwa na subira na padre. Haya ndiyo niliyojifunza.

Si kutokwa damu, bali kunyimwa damu

Damu safi hutoka moyoni kwa mishipa iitwayo ateri. Ateri kuu hushuka tumboni, ikagawanyika mara mbili kwenye usawa wa kitovu, kila tawi likaelekea mguu wake, na huko likaendelea kugawanyika penye kinena na nyuma ya goti. Ugonjwa tunaouzungumzia ni kuzibika kwa ghafla kwa mojawapo ya njia hizo. Waganga huuita wa ghafla iwapo dalili zake zimeanza ndani ya siku 14 zilizopita, lakini wagonjwa wengi hutaja hata saa yenyewe: nilikuwa nakoroga chai, nilikuwa naingia Kanisani, nilikuwa nimelala nikaamshwa na maumivu.

Njia huzibwaje? Mara nyingine ni bonge la damu iliyoganda mahali pengine, hasa moyoni, likasafiri na mkondo mpaka likakwama penye njia panda ya mshipa. Moyo unaodunda bila mpangilio huacha damu ituame katika chumba cha juu, nayo damu inayotuama huganda. Wazee huupata ugonjwa huo wa mapigo kutokana na umri na shinikizo la damu. Huku kwetu Afrika ya Mashariki kuna chanzo kingine kinachowapata hata vijana, nacho ni homa ya baridi yabisi ya utotoni, ile inayoanza na maumivu ya koo yasiyotibiwa na kuishia kuharibu milango ya moyo. Mara nyingine bonge huganda papo hapo katika ateri iliyokuwa imekwisha kusinyaa kwa miaka mingi kwa sababu ya sigara, kisukari na mafuta ya damu. Tena wapo waliojeruhiwa: kijana aliyeanguka na bodaboda na goti likateguka anaweza kukatika au kukwaruzika mshipa ulio nyuma ya goti bila tone moja la damu kuonekana nje. Huyo akifungwa bandeji na kurudishwa nyumbani bila kupapaswa mapigo ya mguu, mguu wake umo hatarini.

Dalili zinafahamika na hazihitaji mashine: maumivu makali ya ghafla, weupe au weusiweusi wa ngozi, ubaridi, kukosekana kwa mapigo juu ya wayo, ganzi, na hatimaye kushindwa kuchezesha vidole. Hizi mbili za mwisho ndizo za kuogofya zaidi. Neva na misuli huanza kuharibika bila kurudi nyuma baada ya takriban saa 4 hadi 6 za kukosa damu. Ngozi huvumilia zaidi, na hapo ndipo familia nyingi hudanganyika: mguu unaonekana ungali mzima, kumbe ndani umekwisha kuanza kufa.

Kwa nini mguu uue?

Hili ndilo lililonisumbua. Mtu anaweza kuishi bila mguu, na tunawaona kila siku. Basi kwa nini katika hospitali zenye vifaa vyote bado vitabu vya upasuaji vinataja kwamba takriban wagonjwa 10 hadi 15 katika kila 100 wa aina hii hufariki ndani ya siku 30?

Jibu la kwanza ni kwamba mguu mara nyingi ni mjumbe tu. Bonge lililoangukia mguuni limetoka katika moyo mgonjwa, na moyo ule ungali mgonjwa baada ya mguu kutibiwa. Bonge jingine laweza kwenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi.

Jibu la pili ni la ajabu zaidi. Misuli iliyokosa damu hujaa sumu zake yenyewe: potasiamu, asidi, na chembechembe za protini iitwayo mioglobini zinazotoka katika nyama iliyovunjika. Sumu hizo hubaki zimefungiwa mguuni maadamu njia imezibwa. Siku daktari anapoizibua, damu hurudi, mguu hupata joto, ndugu hufurahi, na wakati huohuo mzigo wote ule humwagika mwilini. Potasiamu nyingi yaweza kuusimamisha moyo. Mioglobini huziba figo, na mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi. Jambo hilo lilionekana waziwazi London mwaka 1941 wakati wa mabomu ya Vita Kuu ya Pili. Daktari Eric Bywaters na mwenzake Desmond Beall waliandika habari za watu waliofukuliwa chini ya vifusi wakiwa hai, miguu yao iliyobanwa kwa saa nyingi ikaachiliwa, wakaonekana wamepona. Siku chache baadaye wakafa kwa sababu figo zilikuwa zimeacha kufanya kazi. Kilichowaua kilikuwa kimehifadhiwa ndani ya viungo vilivyookolewa.

Kwa hiyo daktari anayekataa kuzibua mshipa wa mguu uliokwisha kufa, na badala yake akashauri ukatwe, hafanyi hivyo kwa uvivu au kwa kukosa vifaa. Anajua kuwa kuurudishia damu mguu ule ni kumtilia mgonjwa sumu. Nalisema hili kwa mkazo kwa kuwa nimesikia mara nyingi ndugu wakilalamika: “Hawakujaribu hata kidogo, walikimbilia msumeno.”

Puto la Cincinnati

Hadi miaka ya 1950, kumtoa mtu bonge la damu kulihitaji kumpasua sehemu ndefu, na wengi hawakuvumilia. Ukombozi ulitoka mahali ambapo Mkatoliki anaweza kupakumbuka kwa furaha kidogo. Katika hospitali ya Good Samaritan mjini Cincinnati, Marekani, iliyoanzishwa na Masista wa Upendo katika karne ya 19, kijana Thomas Fogarty alifanya kazi ya kuandaa vyombo vya upasuaji ili ajipatie riziki. Aliona wagonjwa wakifa au kupoteza miguu. Baadaye, akiwa mwanafunzi wa udaktari, alichukua mpira mwembamba wa kutolea mkojo, akafunga kwenye ncha yake kipande cha kidole cha glavu ya upasuaji, kwa fundo alilojifunza katika kutengeneza ndoana za uvuvi. Mpira ule hupitishwa katika tundu dogo la kinena mpaka ng'ambo ya bonge, puto hujazwa maji, kisha huvutwa taratibu, nalo hutoka na bonge zima. Kazi hiyo huweza kufanyika kwa ganzi ya sehemu tu, bila nusukaputi. Ilichapishwa mwaka 1963 na hadi leo inatumika duniani kote.

Hata hivyo vifo havikuisha. Mwaka 1978 Daktari William Blaisdell wa San Francisco alikusanya taarifa zilizokwisha kuchapishwa za wagonjwa zaidi ya 3,000, akakuta kwamba zaidi ya robo ya waliofanyiwa upasuaji walikuwa wamefariki. Swali lake lilikuwa la mchungaji kuliko la fundi: je, tunaokoa miguu na kupoteza watu? Alipendekeza kwamba kwa mgonjwa dhaifu sana waanze na dawa ya heparini kwa wingi ili damu isizidi kuganda, na upasuaji usubiri. Tangu hapo imekuwa wazi kwamba hakuna tiba moja iliyo bora kwa wote. Lazima kwanza ijulikane ni nani aliye katika hatari gani.

Jinsi tarakimu inavyopatikana

Daktari hupima mambo mawili ambayo sisi watu wa kawaida huyachanganya: hatari ya mguu, na hatari ya mtu.

Hatari ya mguu hupimwa kwa madaraja yaliyotungwa na kamati iliyoongozwa na Robert Rutherford mwaka 1986 na kurekebishwa mwaka 1997. Daraja la kwanza ni mguu usio hatarini mara moja. Daraja la pili ni mguu unaookoleka, nalo lina ngazi mbili: mwenye ganzi ya vidole tu anaweza kusubiri vipimo, bali mwenye ganzi iliyopanda na vidole vilivyoanza kulegea hana muda wa kusubiri. Daraja la tatu ni mguu uliokwisha kufa, mgumu, usiohisi wala kusogea. Daktari hupata daraja hilo kwa mikono yake, macho yake na kifaa kidogo kiitwacho dopla kinachosikiliza mkondo wa damu.

Hatari ya mtu ni habari nyingine, na kwangu hapa ndipo palipo na fundisho kubwa. Kinachotabiri kwamba mguu utapotea ni hasa hali ya mguu na muda uliopita. Kinachotabiri kwamba mtu atakufa ni hasa mambo yaliyo mbali na mguu: umri, moyo ulioshindwa kusukuma damu, shambulio la moyo la karibuni, figo zilizokuwa dhaifu tangu kabla, saratani, na vipimo vya damu vinavyoonyesha kwamba mwili mzima umeingia katika dhiki, kama vile asidi ya laktati, potasiamu na kreatinini. Mgonjwa anaweza kuwa na mguu unaookoleka vizuri na bado awe karibu na kifo; mwingine ana mguu uliokufa lakini ataishi miaka 20 kama utakatwa leo.

Watafiti huchukua mafaili ya wagonjwa wengi wa zamani, ambao mwisho wao unajulikana, na kuuliza: waliofariki walitofautiana wapi na waliopona? Kila tofauti hupewa uzito. Umri fulani hupata alama kadhaa, figo mbovu alama kadhaa, mapigo ya moyo ya kasi alama kadhaa. Alama hujumlishwa, na jumla hubadilishwa kuwa asilimia. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa kalamu na rula juu ya chati. Siku hizi programu za kompyuta hujifunza zenyewe uzito huo kutoka katika maelfu ya mafaili.

Asilimia hiyo maana yake nini? Mkulima anaielewa kupitia Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ikitabiriwa uwezekano wa mvua wa asilimia 70, maana yake si kwamba itanyesha asilimia 70 ya mvua, wala kwamba shamba lako limeahidiwa mvua. Maana yake ni kwamba katika siku 10 zinazofanana na hiyo, saba hunyesha na tatu hazinyeshi. Mtabiri mzuri ni yule ambaye, ukihesabu siku zake zote za asilimia 70, unakuta kweli takriban saba katika kumi zilinyesha. Hivyo ndivyo kipimo cha hatari ya kifo kinavyokaguliwa. Kuna ukaguzi wa pili pia: huchukuliwa wagonjwa wawili, mmoja aliyefariki na mmoja aliyepona, na kutazamwa kama kipimo kilimpa alama kubwa yule aliyefariki. Kipimo kisicho na maarifa yoyote kitapatia nusu ya mara, kama kurusha shilingi. Kipimo kinachopatia mara nane katika kumi huitwa kizuri. Lakini tazameni: hata hicho kizuri, katika jozi mbili kati ya kumi, kilimwogopea zaidi yule aliyekwenda nyumbani.

Kuna udhaifu mwingine unaotuhusu sisi moja kwa moja. Tafiti nyingi za namna hii duniani hutumia hazina ya mafaili ya hospitali moja ya Boston, Marekani, kwa sababu ndiyo iliyofunguliwa kwa watafiti wa mataifa yote. Wagonjwa wa Boston ni wengi wao wazee, waliofika kwa gari la wagonjwa. Mama wa miaka 30 mwenye moyo ulioharibiwa na baridi yabisi, aliyesafiri siku nzima kwa barabara ya vumbi, hayumo katika mafaili yale. Kipimo kitampa tarakimu, maana kompyuta haikosi jibu, lakini tarakimu hiyo imetungwa kwa watu wengine. Daktari mwenye busara huitumia kama mtu anavyotumia ramani ya zamani ya mji uliopanuka.

Daktari aliyemtibu katekista wetu alikuwa wa namna hiyo. Alituita mimi, mke wa mgonjwa na mtoto wake wa kwanza, akatuonyesha karatasi aliyoijaza. “Baba Paroko,” akaniambia, “mguu umekwenda. Tunachozungumza sasa ni maisha ya mzee.” Akataja tarakimu. Siikumbuki sawasawa, nakumbuka yule kijana alitafuta kiti akakaa. Kisha akaongeza: “Hii ni hesabu ya watu wengi. Yeye ni mmoja. Nimewaona wa alama hizi wakitoka hapa kwa magongo.”

Dhamiri mbele ya msumeno

Mgonjwa alikuwa na akili timamu, na swali lake halikuwa la kitabibu. Aliniuliza kama ni dhambi kukataa.

Swali hilo lina historia ndefu kuliko tunavyodhani, na mfano uliotumika tangu mwanzo ni huu huu wa mguu. Katika karne ya 16 wanateolojia Wadominikani wa Hispania, miongoni mwao Domingo de Soto na Domingo Báñez, yule aliyekuwa muungamishi wa Mtakatifu Teresa wa Avila, walijadili kama mtu anawajibika kukubali kukatwa kiungo ili aokoe maisha yake. Walijibu kwamba kwa kawaida halazimiki, kwa sababu ya ukali wa maumivu. Tukumbuke kwamba mgonjwa wa enzi zile alikatwa akiwa macho, ameshikwa na wanaume wanne. Báñez ndiye aliyeanza kutenganisha njia za kawaida za kuhifadhi uhai, ambazo mtu anawajibika kuzitumia, na njia zisizo za kawaida, ambazo halazimiki.

Kisha tarehe 16 Oktoba 1846, katika jiji hilohilo la Boston, William Morton alionyesha hadharani kwamba mvuke wa etha humlaza mgonjwa asihisi kisu. Kanuni ya Báñez haikubadilika hata herufi, lakini mahali unapoangukia msumeno palibadilika. Kilichokuwa mateso yasiyobebeka kwa mtu mmoja wa mwaka 1590 kinaweza kuwa tiba ya kawaida kwa mwingine leo. Papa Pio XII, akiwajibu madaktari wa nusukaputi tarehe 24 Novemba 1957, alisema wajibu wetu hupimwa kwa mazingira ya mtu, mahali na wakati. Tamko juu ya Eutanasia la tarehe 5 Mei 1980 likapendelea kusema njia zinazolingana na zisizolingana na matokeo yanayotarajiwa, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278, inafundisha kwamba kuacha tiba iliyo nzito, ya hatari, au isiyolingana na matunda yake si kutaka kifo, bali ni kukubali kwamba hatuwezi kukizuia.

Hapa ndipo tarakimu ya daktari inapopata kazi yake halali. Haituambii la kufanya. Inatusaidia kupima upande mmoja wa mizani, ule wa matumaini. Upande wa pili, mzigo, anaujua mgonjwa mwenyewe: umri wake, hofu yake, gharama kwa watoto, nguvu iliyobaki. Ndiyo maana hati ya Vatican juu ya akili unde, Antiqua et Nova, ya tarehe 28 Januari 2025, inatahadharisha kwamba mashine isichukue nafasi ya uhusiano wa mgonjwa na tabibu, na kwamba uamuzi ubaki kwa binadamu anayewajibika. Hatari ninayoiona si kompyuta kuwa na akili kupita kiasi. Ni siku ambapo mlipaji wa gharama, akiwa mbali na kitanda, atatazama asilimia na kusema huyu hana faida ya kulipiwa. Katika jambo hilo waamini walio kwenye bodi za hospitali na mifuko ya bima wanapaswa kuwa macho.

Nilimjibu katekista kwamba si dhambi kukataa iwapo mzigo unamshinda, na si kosa kukubali. Akae na mke wake waamue. Nikamtoa na hofu nyingine ambayo hakuitaja ila niliihisi, maana nimeikuta kwa wengi: atafufuka vipi akiwa na pungufu? Mtakatifu Augustino aliijadili kwa urefu katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu, akifika hata kwenye nywele na kucha, na jibu lake ni kwamba Muumba hakosi kitu cha kutengenezea alichokiumba. Kiungo kilichokatwa chaweza kuzikwa kwa heshima, na familia yaweza kuliomba hilo hospitalini.

Alikubali. Usiku ule, kabla hajaingia chumba cha upasuaji, alipokea Sakramenti ya Upatanisho, Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa na Komunyo. Nawaomba hapa mnisikilize: Mpako si sakramenti ya wanaokata roho peke yao. Katekisimu, namba 1515, inasema inafaa kuupokea kabla ya upasuaji mzito. Nimeitwa mara nyingi mno baada ya mgonjwa kupoteza fahamu, kwa sababu ndugu waliogopa kwamba padre akionekana mlangoni mgonjwa atakata tamaa.

Mguu ulikatwa juu ya goti. Siku mbili alizungumza vizuri, akamweleza mwanawe deni la mbegu alilokuwa nalo kwenye chama cha ushirika, akamwachia mke wake daftari la wakatekumeni na majina ya watatu waliokuwa tayari kwa ubatizo. Siku ya tatu mkojo ulipungua, na siku ya tano akafariki. Daktari alisema ni figo.

Je, angefika jioni ileile ya Dominika angepona? Daktari hakunipa jibu la uhakika, na nilimheshimu kwa hilo. Aliniambia tu kwamba karatasi ile ingejazwa tarakimu nyingine.

Basi, yakitokea nyumbani kwenu, fanyeni hivi. Mguu au mkono ukiuma ghafla na kuwa baridi kuliko mwenzake, msiusugue, msiukande kwa maji ya moto wala chupa ya moto, kwa maana ngozi yenye ganzi huungua bila mgonjwa kujua. Msiuinue juu ya mito. Uacheni ulale sawa na mwili au chini kidogo. Mkaangalieni saa na kuiandika, kwa kuwa swali la kwanza la daktari litakuwa maumivu yalianza lini. Msimpe chakula, huenda akahitaji upasuaji. Mpelekeni hospitali yenye chumba cha upasuaji, hata kama zahanati ipo karibu zaidi, na mkifika semeni kwa maneno haya haya kwamba mguu umepoa ghafla na hauna mapigo. Mwenye historia ya ugonjwa wa moyo achukue na cheti chake cha kliniki.

Gari la parokia linalala uani, na funguo zipo kwa mlinzi na kwangu. Sasa halisubiri asubuhi. Katika vigango vyetu vyote viongozi wa jumuiya ndogondogo wamekwisha kupewa namba ya kupiga usiku.